Maswali ya Wafugaji: Sindano ya joto imegoma

Ng'ombe wangu chotara wa Friesian ana siku 85 tangu azae, anatoa lita 18, joto la kutaka dume halionekani. Alidungwa prostaglandini, wiki imepita, kimya. Dawa ilikuwa feki? (Mfugaji, Njombe)

Yaelekea dawa ni nzima. Kazi yake kwenye ovari ni moja: kuvunja tezi ya njano, ile inayoota mahali yai lilipotoka na kutoa projesteroni, homoni inayotunza mimba na kuzuia joto. Tezi ikivunjika, joto huja ndani ya siku 2 hadi 5. Kama yai halijatoka tangu azae, hakuna cha kuvunja. Na tezi yenye umri chini ya siku 5 haisikii dawa.

Ovari yenyewe hailali. Folikuli, yaani vifuko vinavyobeba mayai, huota kwa mawimbi. Seli za ukuta wake wa nje hugeuza kolesteroli kuwa androjeni (homoni za kiume). Za ndani huipokea na kuifanya estrojeni, homoni inayoleta joto, kwa kimeng'enya cha aromatasi, kinachotokana na jeni ya CYP19A1. Ili kazi hiyo ikolee, panahitajika mapigo ya mara kwa mara ya LH (homoni inayochochea yai litoke), pamoja na insulini na IGF-1, homoni ya ukuaji inayofanana na insulini. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi kuliko chakula anachopata hupungukiwa na vyote vitatu. Estrojeni haifiki kiwango cha kuuchochea ubongo umwage LH kwa wingi, yai halitoki, folikuli inakufa, nyingine inaanza.

Daktari wa mifugo ampime ovari mara mbili, akiacha siku 10 katikati. Tezi ikipatikana walau mara moja, mzunguko upo, ila joto linawapita: mchungulieni alfajiri, jioni na usiku, nusu saa kila mara. Isipopatikana, huwekwa kifaa cha projesteroni ukeni kwa siku 7, na prostaglandini hudungwa siku kinapotolewa. Lakini akiwa na alama ya unene chini ya 2.5 (kipimo cha 1 hadi 5), anzeni na chakula; sindano juu ya mbavu zinazohesabika ni hasara.

Kabla ya prostaglandini yoyote, hakikisheni hana mimba, maana itatoka. Dawa hupenya ngozi: vaeni glavu, na mjamzito au mwenye pumu asiishike kabisa.

Kwa nini seli za folikuli zilizokuwa zikitengeneza estrojeni huacha baada ya LH kupanda? Na mbona seli zangu za folikuli maabara hazitoi estrojeni? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mmiminiko wa LH huizima CYP19A1 ndani ya saa chache, na CYP17A1 pia (jeni ya kutengeneza androjeni), kisha STAR, CYP11A1 na HSD3B1, jeni za kutengeneza projesteroni, hupanda. Kolesteroli sasa inaishia kwenye projesteroni. Kwa ng'ombe tezi ya njano haitengenezi estrojeni ya maana. Ya binadamu huitengeneza, kwa hiyo usinakili kitabu cha tiba.

Kuhusu maabara, tunashuku seramu, yaani majimaji ya damu yanayotiwa kwenye chakula cha seli. Huzigeuza seli za ndani ziwe kama za tezi ya njano. Zioteshe bila seramu, uongeze insulini, FSH kidogo (homoni inayokuza folikuli) na androstenedioni, aina ya androjeni, kwani bila androjeni aromatasi haina malighafi. Pima pia CYP17A1: ikionekana kwa wingi, umechanganya seli za ukuta wa nje. Na sampuli za RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) kutoka machinjioni zigandishwe hapohapo kwenye naitrojeni ya kimiminika. Zikisafiri kwenye barafu ya kawaida, RNA inaweza kuvunjika na namba utakazosoma zikawa za uozo.