Diski moja kubwa au mbili ndogo?

SWALI: Binti yangu, pokea salamu kutoka Tabata Segerea. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kompyuta yangu ya mezani ni mtumba wa Kariakoo, ina hadi diski (hard disk, kifaa cha kuhifadhia mafaili) ya gigabaiti 500, nayo imejaa pomoni. Mna picha za ukoo, video za harusi za wanangu, na sauti ya marehemu mama yangu akitusimulia hadithi, ambayo kijana mmoja alinihamishia kutoka kwenye kaseti. Mwanangu aliyeko Mwanza anataka ninunue diski ya terabaiti 4 (terabaiti moja ni gigabaiti elfu) nimalize kazi. Muuza duka ananishauri nichukue mbili za terabaiti 1. Nimsikilize nani?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Safari hii msikilize muuza duka.

Mwanao hakukosea hesabu. Ukigawa bei kwa gigabaiti, diski kubwa mara nyingi hutoka nafuu, na mtu anayepiga video za harusi kila Jumamosi ningemwambia aichukue bila kusita. Wewe lakini umetunza sauti ya mama, na hiyo haiuzwi duka lolote. Ndani ya hadi diski mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na juu yake kichwa cha kusomea kinachoelea kwa upenyo mdogo mno kuliko unene wa unywele. Ikianguka, au umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo kama tunavyoujua hapa mjini, inaweza kufa bila dalili. Ya terabaiti 4 ikifa peke yake, kila kitu kimekwenda nayo.

Kwa hiyo nunua mbili, ila usizifunge zote ndani ya kompyuta. Hili nalisisitiza kwa sababu mafundi wengi hufanya hivyo, kisha radi au mwizi akachukua zote kwa pamoja. Moja iwe ya ndani. Ya pili iwe ya nje, yenye waya wa USB, na ukishamaliza kunakili ipeleke kwa ndugu unayemwamini, awe Kigamboni au Mbezi, alimradi isiwe nyumba moja na kompyuta. Kila baada ya miezi kadhaa iite nyumbani, uongeze mapya, irudi.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukuambiwa. Baadhi ya kompyuta za mtumba ni za mfumo wa zamani, na hizo, diski ya kuwashia Windows ikizidi terabaiti 2, haziwezi kutumia kilichozidi hapo. Ungeweza kununua ile ya 4, fundi akaifunga, ukabaki na nusu tu inayotumika.

Usishtuke terabaiti 1 ikisomeka gigabaiti 931 kwenye skrini. Kiwanda huhesabu kwa elfu moja, Windows kwa 1,024. Hukuibiwa.

Wizi upo kwingine. Ukipita mitaa ya Kariakoo utaonyeshwa diski ndogo ya nje iliyoandikwa terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha wiki. Usiiguse. Ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa ijitangaze kuwa kubwa. Inapokea faili zako kwa utulivu, ikijaa inaziandika juu ya nyingine, na unagundua siku unayozihitaji. Hata ya duka linaloaminika, mwombe fundi aipime kwa programu ya bure iitwayo H2testw, inayoijaza diski nzima kisha kusoma upya kila ilichoandika. Kipimo hicho huchukua saa nyingi, basi mwambie aiache ifanye kazi usiku kucha.

Kunakili gigabaiti zako 400 na ushei kwa tundu la USB la zamani ni kama saa nne. Ukiwa na tundu la USB 3, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya bluu ndani, ni kama saa moja na zaidi kidogo. Fanya kazi hiyo ukiwa na UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Kama huna, hiyo ndiyo ningeinunua kabla ya diski ya pili.

Ile ya zamani ya gigabaiti 500 usiifute wala kuiuza mpaka umefungua faili kadhaa kwenye kila nakala, ukiwemo mkanda wa mama, na umeusikia mpaka mwisho.