Unataka kuishi kwa kupiga kinanda? Kanisa likufunze, wanafunzi wakulipe

Kila mwaka ikishapita sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Novemba 22, kwaya zikiwa zimeshakula pilau na kupiga picha na sare mpya, vijana huanza kuniandikia: "Mwalimu, nataka niache yote nipige kinanda tu. Inalipa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja WhatsApp, kwa hiyo leo najibu wote.

Inalipa, ila si kwa njia mnayoidhania. Naishi Dar es Salaam. Siku za wiki nafundisha piano majumbani, Jumapili napiga kinanda parokiani. Kodi ya nyumba inatoka kwenye ada za wanafunzi. Parokiani napata nauli, na Pasaka napigiwa makofi. Lakini karibu kila ninachowauzia wazazi huko majumbani nimekiokota kanisani, maana hakuna chuo kitakachokulazimisha kupiga mbele ya watu mia kadhaa wanaoimba kwa kasi wanayoitaka wao, huku padre akiwa na yake.

Tuanze na transpozi, kile kitufe cha kinanda cha umeme kinachopandisha au kushusha sauti zote. Wapigaji wengi wa parokiani kwetu wanajua vidole vya ufunguo wa C tu. Wimbo ukiwa Do yake, yaani nota ya msingi, ni E-flati, wanabonyeza kitufe mpaka kisome tatu, yaani nusu toni tatu juu, wanapiga vilevile kama C, na maisha yanaendelea. Hadi umeme ukatike katikati ya Utukufu. Jenereta inanguruma, kinanda kinawaka upya, na vinanda vingi vikiwaka upya vinarudi sifuri. Mpigaji anaingia kwa kujiamini kabisa, besi wanajikuta chini ya sakafu, sauti ya kwanza wanatazamana, na mwalimu wa kwaya anapunga mikono kama anafukuza kuku shambani. Parokia yoyote yenye kinanda cha umeme imeshaiona hiyo filamu.

Ubaya mkubwa wa kitufe hicho lakini unaonekana siku unapotaka kufundisha. Piano halisi haina transpozi. Mtoto wa darasa la nne akikuletea kipande chenye shapu mbili naye mwalimu ukaanza kutokwa jasho, mama yake aliyekaa kwenye kochi ataliona. Kwa hiyo zima kitufe hicho leo. Anza na G, kisha F, kisha D na B-flati. Chukua wimbo mmoja wa komunyo unaoujua usingizini na uupige kwenye funguo zote nne kabla ya kugusa wimbo mwingine. Sauti nne, si akodi za mkono wa kushoto peke yake. Utachukia wiki za mwanzo.

Ukishazoea, utagundua kwamba kushusha na kupandisha ni kazi ya kila Jumapili. Misa ya saa 12 asubuhi watu ndio kwanza wametoka kitandani. Wimbo ambao saa 4 wanaupaza vizuri, asubuhi hiyo wataufikia kwa kunong'ona tu. Mimi naushusha nusu toni, wakati mwingine toni nzima, na hakuna anayejua isipokuwa besi wanaolalamika. Kisha kuna padre. Anaimba utangulizi kwa sauti aliyoamka nayo, na anapomaliza tu lazima "Mtakatifu" uanze. Pita sakristia kabla ya Misa umuulize, "Baba, leo unaimba au unasoma?" Akisema anaimba, punguza sauti ya kinanda hadi uisikie wewe tu, tafuta nota anayokaa juu yake, kisha jiulize Do yako iko wapi kutoka hapo. Akiwa katikati ya nota mbili, na mara nyingi yuko hapo, chagua ya chini.

Mazoezi hayo yana bei yake sokoni. Wanafunzi wangu wengi wanafanya mitihani ya ABRSM, ile ya Uingereza yenye gredi 1 hadi 8. Mtihani wa vitendo mbele ya mtahini una alama 150, na kufaulu ni 100. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, skeli (ngazi za nota) 21, kusoma nota papo kwa papo 21, na jaribio la sikio 18. Jumlisha hayo mawili ya mwisho: alama 39 ambazo walimu wengi huzikumbuka wiki mbili kabla ya mtihani. Mpigaji wa kanisani anaziishi. Kila Jumamosi mtu anakuletea karatasi ya nota iliyopigwa picha kwa simu, pembe imekatika, na kesho yake inaimbwa. Mzazi akiuliza kwa nini akuchukue wewe, mweleze hilo.

Kwaresima nayo ina somo lake. Kwetu Wakatoliki kipindi hicho kinanda kinaruhusiwa kutegemeza uimbaji tu, ukiondoa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Hakuna kupamba kabla ya wimbo wala kumalizia kwa mbwembwe. Vijana wanaona ni adhabu. Mimi ndipo naisikia kwaya vizuri: naona inashuka sauti kwenye ubeti upi, na nani anaivuta chini.

Sasa pesa. Toza kwa mwezi au kwa muhula, malipo yatangulie, na somo ambalo mtoto amelikosa bila taarifa limekwenda. Andika hayo kwenye karatasi moja, mzazi asaini. Desemba ndiyo itakayokupima: kanisani hupumui kwa mazoezi ya Krismasi, wakati huohuo wanafunzi wako wamefunga shule na nusu yao wamepanda basi kwenda Moshi. Anayetoza kwa somo moja moja huimaliza sikukuu kwa kukopa. Harusi nazo, elewana bei kabla ya tarehe na upokee nusu. Misa za jumuiya na misiba sitozi, na sioni kama nitakuja kutoza.

Kuna sentensi utaisikia sana: "Mwalimu, si sote ni wa kanisa moja?" Maana yake mtoto afundishwe bure. Usigombane na mtu. Mimi nina darasa la bure parokiani Jumamosi asubuhi, la watoto wa kwaya, wanakaa kwa zamu kwenye kinanda kimoja. Anayetaka nimfuate kwake Mbezi analipa kama wengine, awe mtoto wa katekista au wa nani. Tangu nilipolitangaza hilo mbele ya viongozi wa kwaya, maneno yameisha.

Wazazi watakuuliza pia wanunue nini. Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kuanzia, mradi vitufe vinaitika kwa nguvu ya kidole. Mtoto akivuka gredi za mwanzo anahitaji vitufe vyote 88, vizito kama vya piano. Piano halisi iliyotumika ni jambo zuri, lakini Dar ina unyevu na chumvi ya bahari: nyuzi zinapata kutu, vitufe vinavimba na kugoma kurudi. Nenda na tochi, mwombe mwenye nayo afungue ubao wa chini, tazama kama kuna unga wa mchwa. Ikishanunuliwa, isikae karibu na dirisha wala mbele ya kiyoyozi.

La mwisho, tafuta msaidizi mapema, maana siku ya mtihani wa wanafunzi au siku ya malaria haitauliza ratiba ya parokia. Mpe Misa ya kwanza kwenye Dominika za kawaida, mpe nyimbo siku tatu kabla, wewe kaa nyuma na besi. Akikosea, usigeuze shingo. Kina mama wa sauti ya kwanza watageuka kwa niaba yako.