Tubaki na Jim Reeves Yupi?

Wiki hii mmetuuliza: ukiruhusiwa kubaki na albamu moja tu ya mwanamuziki umpendaye, utachagua ipi? Wangu ni Jim Reeves, kama alivyo wa nyumba nyingi za Kenya zilizokuwa na redio, hasa siku za Jumapili na msimu wa Krismasi. Hata hivyo, ningependa kwanza kuuliza kama mkusanyiko wa nyimbo bora unastahili kuitwa albamu, maana naamini wasomaji wengi watautaja huo, nami sijawahi kuupenda.

Mkusanyiko huificha safari ya mwimbaji. Reeves, mzaliwa wa Texas wa mwaka 1923, alianza kwa kupaza sauti kama waimbaji wengine wa kantri wa enzi yake, na "Mexican Joe" ya mwaka 1953 ni wimbo wa kuchangamsha ukumbi. Mwaka 1957, aliporekodi "Four Walls" chini ya mtayarishaji Chet Atkins, ndipo alipoisogelea maikrofoni hadi midomo ikakaribia kuigusa, akaimba kwa sauti ya chini tunayoijua leo. Nyimbo hizo zikichanganywa ovyo, msikilizaji hudhani alizaliwa akiimba hivyo.

Ubaya mwingine niliushuhudia matangani, kijijini kwetu Vihiga. Kijana aliyesimamia vyombo alikuwa na kaseti ya nyimbo bora za Reeves, aliyoiweka kwa sababu ilianza kwa wimbo wa dini. Wazee waliokaa chini ya turubai walikuwa wakitikisa vichwa polepole, na kina mama waliokuwa wakichambua mboga kando ya jiko wakivumisha sauti ya pili. Wimbo ulipokwisha, "He'll Have to Go" ikaingia mara moja. Huo, kwa wanaofuata Kiingereza chake, ni wimbo wa mwanamume aliye baa, anayempigia simu mpenzi wake na kumtaka amwambie mwanamume aliye naye aondoke. Wazee waliendelea kutikisa vichwa vilevile, na mmoja wao akavua kofia. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliweka kikombe chake chini, akamwendea kijana na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, zima hiyo. Huyo yuko baa." Kijana alikuwa anakitafuta kitufe mjane, aliyeketi karibu na jeneza, alipoinua mkono na kusema, "Mwalimu, mwache aimbe. Marehemu alikuwa akiupenda." Shangazi akarudi kitini bila neno, na wimbo ukachezwa hadi mwisho.

Kisa hicho nimekuwa nikikitumia kuthibitisha kwamba mikusanyiko haina adabu. Ninapokiandika sasa, naona kinamtetea mjane zaidi kuliko shangazi. Hata wimbo wenyewe, ulipotoka mwaka 1959, uliwekwa upande wa pili wa santuri. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza, na wasikilizaji wakauchagua. Basi mkusanyiko ni kumbukumbu ya uchaguzi wa namna hiyo, ambao haukuwa wa mwimbaji wala wa kampuni.

Nitabaki, basi, na mkusanyiko, lakini kwa masharti. Nyimbo zipangwe kwa miaka, na kila iliyoongezewa vyombo au sauti baada ya Julai 31, 1964, siku Reeves alipokufa katika ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe karibu na Nashville, iandikwe hivyo waziwazi. Sisemi hivi kwa ajili ya "Distant Drums", iliyoongoza chati za Uingereza mwaka 1966. Nasema kwa sababu mwaka 1981 aliimbishwa pamoja na Patsy Cline, mwimbaji wa kike wa kantri aliyefariki mwaka 1963, ilhali kila mmoja alikuwa amerekodi peke yake. Mkiona kwamba mkusanyiko hauhesabiki, niandikieni albamu yake ya Krismasi ya mwaka 1963, ingawa kuanzia Januari hadi Novemba nyumba yangu itakuwa kimya mno.