Kabla ya Kudai Ada Ishuke, Uliza Mshahara wa Mlezi Utatoka Wapi

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, wazazi wenye watoto wadogo huniomba niwasaidie kuandaa maombi yao kwa viongozi, na karibu maombi yote hufunguliwa kwa dai moja: serikali ipunguze ada za vituo vya kulelea watoto mchana. Dai hilo ni la haki kabisa. Hata hivyo, niliendesha kituo kidogo cha watoto kwa miaka kadhaa, na baadaye nikawa mjumbe wa kamati ya wazazi iliyofuatilia matumizi ya fedha za umma katika malezi na elimu ya awali, na kutokana na hayo humshauri kila anayenijia aanzie kwingine. Ada ikishushwa kwa amri bila kutengwa fedha za kuziba pengo lake, kinachofuata ni foleni, na anayeishia mkiani mwa foleni hiyo ni yule yule ambaye ada nafuu ilikusudiwa kumsaidia.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa bila hesabu mazungumzo haya huishia kwenye lawama. Katika chumba cha watoto wachanga, mlezi mmoja anaweza kuwahudumia ipasavyo watoto watatu au wanne, na nchi nyingi zenye kanuni za vituo zimeweka uwiano usiotofautiana sana na huo. Aliyewahi kukaa ndani ya chumba hicho asubuhi moja anaelewa sababu: mlezi anambadilisha mmoja nepi, wa pili anasubiri chupa yake ya maziwa, wa tatu ameamka kwa kilio, na wa nne amekwisha kutambaa hadi mlangoni. Hakuna mashine wala mbinu ya uongozi itakayomwezesha mlezi huyo kuhudumia watoto wanane kwa usalama. Kwa hiyo mshahara wake wote, pamoja na sehemu ya kodi ya pango, maji, umeme, chakula na bima, unabebwa na familia tatu au nne tu, tena familia za wazazi vijana ambao ndio kwanza wanaanza kazi na kipato chao hakijakomaa. Ndiyo maana ada humshinda mzazi wakati huo huo mshahara haumtoshi mlezi, na katikati yao hakuna anayetajirika. Wazazi wengi walipoingia kwenye kamati yetu waliamini kwamba mwenye kituo anaficha faida mahali fulani; tulipoomba vitabu vya hesabu vya vituo vichache na kuvipitia mstari kwa mstari, tulikuta sehemu kubwa ya matumizi ni mishahara, na mishahara yenyewe ni midogo. Kinachokosekana katika hesabu hiyo ni mchangiaji wa tatu, na mchangiaji huyo ni hazina ya umma.

Usione haya kulisema hilo kana kwamba unaomba hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 18, unazitaka nchi zichukue hatua zinazofaa kuhakikisha kwamba watoto wa wazazi wanaofanya kazi wananufaika na huduma za malezi wanazostahiki. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 156 mwaka 1981 kuhusu wafanyakazi wenye majukumu ya kifamilia, nao unazungumzia uendelezaji wa huduma za kulea watoto, ziwe za umma au za binafsi. Mwaka 2008, UNICEF ilipolinganisha nchi tajiri 25 kwa vigezo kumi vya malezi na elimu ya awali, kimojawapo kilikuwa kutumia angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa huduma hizo. Ni Uswidi pekee iliyotimiza vigezo vyote kumi. Kigezo hicho cha asilimia 1 kina manufaa katika barua ya maombi, kwa sababu kinamlazimisha anayekujibu ataje kiwango chake mwenyewe.

Utakutana pia na hoja kwamba malezi ni jukumu la familia na serikali haina haja ya kuingilia. Hoja hii ni ya zamani. Nchini Marekani, mwaka 1971, mabunge yote mawili yalipitisha sheria ya kuanzisha mtandao wa kitaifa wa huduma za watoto wadogo, na Rais Richard Nixon akaikataa kwa maelezo yanayofanana sana na hayo. Usibishane na anayeisema. Mkumbushe kwa upole kwamba mzazi anayelazimika kumwacha mtoto kwa jirani aliyechoka, au kuacha kazi asiyotaka kuiacha, hakupewa nafasi ya kuchagua, na kwamba ruzuku haimlazimishi yeyote kumpeleka mtoto kituoni.

Tahadhari moja kuhusu takwimu. Wanaharakati wengi hupenda kutaja utafiti wa Perry, ulioanza mwaka 1962 huko Ypsilanti, Michigan, ambapo watoto 123 wa familia maskini waligawanywa katika makundi mawili, moja likapata elimu ya awali na jingine halikupata, kisha wakafuatiliwa hadi utu uzima. Waliosoma walionekana kufaulu zaidi maishani, na mwanauchumi James Heckman na wenzake wamekadiria kwamba uwekezaji ule ulizaa faida ya asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka. Ni ushahidi mzuri, lakini darasa lile lilikuwa na walimu wenye mafunzo ya kutosha, watoto wachache kwa kila mwalimu, na ziara za walimu nyumbani kwa wazazi. Anayetaja faida ile huku akiomba chumba chenye watoto arobaini na msaidizi mmoja anaahidi asichokuwa nacho, na waziri wa fedha makini atamuuliza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko ukubwa wa fungu lenyewe: fedha zinapita njia gani. Kwa jumla zipo njia mbili. Ya kwanza humfikia mzazi, ama kwa vocha, yaani hati ya kulipia ada ya kituo, ama kwa punguzo la kodi ya mapato. Ya pili hukifikia kituo chenyewe, ikilipia nafasi na walezi. Wanasiasa huipenda ya kwanza kwa sababu mpigakura huiona. Nami siikatai, ila ina masharti yake. Punguzo la kodi humnufaisha zaidi mwenye mshahara mnono, kwa kuwa asiye na kodi kubwa ya kulipa hana cha kupunguziwa isipokuwa sheria imeruhusu arejeshewe fedha taslimu. Tena mara nyingi hufika miezi mingi baada ya ada kulipwa, ilhali shida ya mzazi ni ada ya mwezi huu. Vocha nayo inafaa mahali penye nafasi zilizo wazi. Pasipo na kituo, vocha ni karatasi tu.

Hata fedha zinapoelekezwa kwenye kituo, soma maandishi madogo ya utaratibu wa malipo. Kituo nilichokiendesha kiliwahi kuwa chini ya mpango uliolipa kwa kufuata mahudhurio ya kila siku, na kwa macho ya mkaguzi utaratibu huo unapendeza, kwa kuwa mtoto asiyekuja halipiwi. Kisha yakaingia mafua. Daftari la mahudhurio la juma lile lilijaa alama za duara kuliko alama za vyema, chumba cha watambaazi kikabaki na watoto wawili, na malipo yakashuka kwa kiasi hicho hicho. Walezi walikuwepo wote, kodi ya pango ilikuwa ile ile, na mshahara wa mwezi ule nililazimika kuulipa kwa mafungu mawili. Mlezi wangu bora aliondoka muda mfupi baadaye akaenda kufanya kazi ya dukani, na sikuwa na neno la kumzuia. Shule za msingi za umma hazilipi walimu wao kwa kuhesabu wanafunzi waliopata homa. Ndiyo sababu nawaambia watu wadai malipo kwa idadi ya watoto walioandikishwa, tena yalipwe mwanzoni mwa mwezi. Marekani, kwa kanuni za mwaka 2024 za mfuko wake wa shirikisho wa malezi ya watoto, ilielekea huko: iliyataka majimbo kulipa mapema na kwa kufuata uandikishaji, na mchango wa familia inayosaidiwa usizidi asilimia 7 ya kipato chake.

Nchi zilizotangulia zinatupa mifano ya pande zote mbili. Quebec, nchini Kanada, ilianzisha mwaka 1997 malezi ya dola 5 kwa siku, na kina mama wengi wakaingia kazini. Lakini mahitaji yaliziacha nafasi nyuma, orodha za kusubiri zikarefuka, na ubora ukatofautiana mno kati ya vituo visivyo vya faida na vile vya kibiashara. Watafiti Baker, Gruber na Milligan waliona hata dalili za tabia za baadhi ya watoto kuharibika, na utafiti wao hutumiwa hadi leo kupinga ruzuku, ingawa mimi nausoma kama onyo kuhusu kutanua huduma upesi kuliko uwezo wa kuandaa walezi. Uingereza ilitangaza saa 30 za bure kwa juma kwa watoto wa miaka mitatu na minne wa wazazi wanaofanya kazi kuanzia mwaka 2017, na vituo vingi vikalalamika kwamba kiwango wanacholipwa na serikali hakifikii gharama, hivyo vikafidia kwa kupandisha ada za wadogo zaidi na kutoza vitu vya ziada. Neno bure lilibaki kwenye tangazo.

Uswidi ilifanya kwa mpangilio tofauti. Mwaka 2002 iliweka kikomo cha ada: asilimia 3 ya kipato cha familia kwa mtoto wa kwanza, 2 kwa wa pili, 1 kwa wa tatu, na wa nne halipiwi, papo hapo serikali kuu ikazifidia manispaa mapato zilizoyapoteza na kutoa fedha za kulinda ubora. Fidia hiyo ndiyo sehemu ambayo nchi zinazoiga huisahau. Ujerumani iliongeza meno ya kisheria: tangu Agosti 2013 mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya nafasi, na mwaka 2016 mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kwamba mzazi aliyekosa nafasi kwa uzembe wa mamlaka anaweza kudai mshahara aliopoteza. Walezi bado ni haba huko, kwa sababu hukumu haizalishi walezi, lakini angalau mamlaka inajua kwamba kuchelewa kuna gharama.

Angalia pia namna msaada unavyokoma. Katika kamati yetu mzazi mmoja alikataa nyongeza ya mshahara kazini, maana ingemvusha kidogo tu juu ya kikomo cha kipato na kumpokonya ruzuku yote, abaki na hasara. Omba mchango wa mzazi upande polepole kadiri kipato kinavyopanda. Kuhusu fedha zenye tarehe ya mwisho, kumbuka kwamba mwaka 2021 Marekani ilitenga dola bilioni 24 za kuviokoa vituo wakati wa janga la korona, vingi vikazitumia kulipa walezi, na mpango ukafikia ukomo Septemba 2023 huku gharama zikiwa pale pale. Fungu la dharura ni jema. Usiajiri watu wa kudumu kwa fungu hilo bila kujua kitakachofuata.

Unapoandika maombi, ambatisha hesabu ya chumba kimoja halisi cha kituo kimoja: idadi ya watoto, idadi ya walezi, mishahara, pango, na pengo linalobaki baada ya ada ambayo wazazi wanaimudu. Ukurasa mmoja unatosha, na wajumbe wa kamati za bajeti huusoma kuliko kurasa ishirini za kanuni. Upeleke kabla viwango vya ukomo wa bajeti, yaani kiasi cha juu kinachoruhusiwa kutumika, havijapangwa, kwa kuwa vikishapangwa utapewa pole tu. Dai elimu ya awali na malezi ya watoto wadogo yawe na kifungu chake chenye jina lake, kwa sababu yakifichwa ndani ya fungu la elimu ya msingi huwa ya kwanza kukatwa bila mtu kugundua. Mwaka unapofika katikati, rudi uulize ni kiasi gani kati ya fedha zilizotengwa kimekwisha kutolewa, kilitolewa tarehe gani, na kimevifikia vituo vipi.