Mwaka wa kwanza isimu: msikariri herufi, sikilizeni mdomo

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa kwanza isimu, yaani elimu ya lugha, naona wengi mnakariri mabadiliko ya sauti kama tarehe za vita, halafu pepa ikija na mfano mpya mtu anaduwaa.

Chukua ulimi na ndimi. Mtu anaandika "l inakuwa d" anapita zake. Tulia hapo kwanza, wingi wa ngeli hii unaweka n mbele ya -limi, tamka "nlimi" polepole urudierudie. Sauti n inaziba njia yote ya hewa mdomoni, l inataka upenyo pembeni mwa ulimi, zikikutana ule upenyo unakosekana na d ndo inatoka. Ndo maana kamba ni ndefu, si "nrefu". Kwenye ubao ile n inahamia midomoni kuifuata b, tunapata mbao.

Ila kinachonigusa zaidi ni kile kisichoandikwa. Paa la nyumba na paa wa porini tunaviandika sawasawa, lakini mtafute mzee wa Mombasa au Lamu anayeongea lahaja yake, ashike kipande cha karatasi mbele ya midomo atamke yote mawili, utaona kwa mnyama karatasi inacheza na kwa nyumba imetulia. Ile pumzi ni mabaki ya n ya ngeli, ilimezwa kabla ya p ikaacha pumzi. Kaa la moto na kaa wa baharini hivyohivyo. Mkutano wa Mombasa 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu na tahajia tuliyonayo haina alama ya hiyo pumzi, inaniuma kwa kweli, mtu anaweza kumaliza chuo akidhani haipo.

Mkazo nao mnaujua, barabara ya lami na "barabara kabisa!" si matamshi mamoja. Na "amefika" ikiwa swali hakuna neno linaloongezeka, ni kiimbo tu, yaani sauti inavyopanda na kushuka.

Kwa hiyo mkienda kukusanya data msimpe mtu orodha ya maneno asome, atawasomea kishule. Muulize kaa anapikwaje kwao, acha simu irekodi, usimkatize, neno litakuja lenyewe. Na umri wake, alikozaliwa na lahaja ya nyumbani kwao andika hapohapo kwenye daftari, maana ukishafika hosteli una lundo la faili zote zinaitwa "rekodi mpya" hutajua nani ni nani.