Mtoto akinywa sumu, msimtapishe

Mikorosho ikianza kupulizwa huku Tandahimba, salfa na dawa za maji hulala ndani na watu. Inayobaki humiminwa kwenye chupa ya soda na kusukumwa uvunguni, jirani na mafuta ya taa. Mtoto akiionja, uwanja mzima unapiga kelele: "Mtapisheni!" Huyu kakoroga maji ya chumvi, yule kashanyoosha kidole. Nimelea watoto katika nyumba ya namna hiyo, na kelele hizo nimezikatalia, safari moja hadi mama mkwe akaninunia.

Simlaumu mama. Hata madaktari wakubwa waliamini hivyohivyo. Hippocrates na Wagiriki wenzake waliona ugonjwa ni majimaji ya mwili kuzidiana, kwa hiyo kutapika kulirudisha mizani. Baadaye Wazungu walilaza mvinyo usiku kucha kwenye kikombe cha antimoni, aina ya madini yenye sumu, wakaunywa asubuhi ili watapike.  Karne ya 17 ukafika Ulaya mzizi wa ipekakuana kutoka Brazil, nao hutapisha. Helvétius, tabibu wa Paris, aliutumia kutibu kuhara damu na akaficha ni kitu gani, mpaka Mfalme Louis XIV alipoinunua siri yake.

Sharubati ya mzizi huo iliruhusiwa kuuzwa Marekani bila cheti cha daktari mwaka 1965, wazazi wakaiweka kabatini kwa ajili ya sumu. Mwaka 2003 madaktari wa watoto wa hukohuko wakasema isiwekwe tena nyumbani. Kilichomo tumboni hakitoki chote kwa kutapika, na haikuonekana kwamba waliotapishwa walipona vizuri zaidi.

Mafuta ya taa ndiyo mabaya zaidi kwa habari hii. Yakiwa tumboni madhara yake si makubwa sana. Yakipanda na matapishi yakaingia mapafuni, ni nimonia. Maji ya betri yaliyounguza koo yakishuka yataliunguza tena yakipanda. Na hayo maji ya chumvi mnayoyaona hayana neno yanaweza kuzidisha chumvi kwenye damu hadi ubongo udhurike, mtoto afe kwa tiba badala ya sumu.

Mimi hufanya hivi: natoa kilichobaki mdomoni, namvua nguo zilizolowa, naosha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Akilegea namlaza ubavu. Maziwa simpi, maana nayo yanaweza kumtapisha. Kisha bodaboda, na chombo cha dawa chenye kibandiko mkononi, kwa sababu mganga wa zamu ataanza kwa kuuliza kanywa nini.

Kama ni mafuta ya taa, nendeni hata mkimwona anacheza. Kikohozi na kuhema kwa shida vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye, usiku, wakati bodaboda zimeshalala.