Yai, ndoo na chumvi: ninavyochagua mbegu ya mpunga

Kama unatumia mpunga wako mwenyewe kwa mbegu, usiridhike na kuumwaga kwenye maji matupu na kuondoa unaoelea. Hayo ni mapepe tu, yaani maganda yasiyo na kitu ndani. Punje nusu, ambayo haikujaa vizuri, inazama pamoja na nzima, na hiyo ndiyo inayokupa miche dhaifu kitaluni.

Kila kitu kikiingia majini husogeza maji, nayo hukisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa. Archimedes aligundua hilo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Punje ikiwa nzito kuliko maji ya ujazo wake, inazama. Ikiwa nyepesi, inaelea. Punje huwezi kuibadilisha, lakini maji unaweza. Lita moja ya maji matupu ina kilo 1. Yeyusha kilo moja ya chumvi kwenye lita 10, kila lita inafika kilo 1.06 hivi, na punje nyingi zilizokuwa zimezama zinaanza kupanda.

Kipimo changu ni yai bichi. Kwenye maji matupu linalala chini kwa ubavu. Naongeza chumvi kidogo kidogo, nakoroga hadi iyeyuke. Yai linasimama, kisha linaachana na kitako cha ndoo, linapanda mpaka sehemu ndogo kama sarafu inachungulia juu ya maji. Hapo naacha. Inahitaji chumvi nyingi kuliko watu wanavyodhani: hata maji ya bahari, yenye kilo 1.025 hivi kwa lita, hayaliinui yai lililotagwa leo. Tena liwe la leo kweli. Yai likikaa, maji yake hupotea kupitia ganda na nafasi ya hewa ndani hupanuka, basi linaelea mapema na kukudanganya.

Mimina mbegu, koroga kwa mkono. Usiruke hatua hii, kwa sababu vinyweleo vya ganda hushika viputo vya hewa na punje nzuri huelea kwa ajili ya hivyo tu. Ondoa upesi zinazoelea, kisha suuza zilizozama mara mbili tatu kwa maji safi kabla ya kuloweka. Chumvi ikibaki huzuia uotaji. Maji ya chumvi yanatumika tena, ila rudisha yai kila awamu. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa usiitie humu.

Zilizoelea zikisuuzwa na kukaushwa, kuku wanakula. Msimu ambao maji yalikatika wakati mpunga unajaza punje, zinaelea nyingi mno, na inauma kuziondoa. Usizirudishe. Mimi huanza na mbegu nyingi kuliko mahitaji ya shamba, ili nikifika hapo nisishawishike.